Dola kumi kwa mwezi: tathmini yangu ya pensheni ya waokoaji wa kujitolea North Carolina

Nianze na nyota, maana najua wengi mtaishia hapo. Pensheni yenyewe: nyota tatu na nusu kati ya tano. Mafao ya kuumia au kufia kazini: nne. Namna wanavyowajulisha watu haki zao: moja, na hiyo moja naitoa kwa ajili ya mama mmoja wa kwenye simu aliyeisikiliza lafudhi yangu mpaka mwisho bila kuniambia nirudie.

Ninaouzungumzia ni mfuko wa jimbo la North Carolina, hapa Marekani, unaoitwa Firefighters' and Rescue Squad Workers' Pension Fund. Uko chini ya ofisi ya Mweka Hazina wa jimbo, na ni wa wazimamoto na waokoaji, wa kujitolea wakiwemo. Nitagusa pia vimfuko vinavyouzunguka, kwa sababu anayejitolea kwenye ambulansi huku ana haki zilizotawanyika sehemu nne au tano, na hakuna bahasha hata moja inayozikusanya.

Mimi mtu wa Tanga. Nilikuja huku enzi za kadi za kukwangua za kupigia simu nyumbani, nikabeba boksi kama tulivyobeba wote: kwanza kiwanda cha soksi, baadaye ghalani kwenye foklifti. Kikosi changu kiko kaunti ya mashambani, jina naliacha. Nina cheti cha EMT, yaani mhudumu wa ambulansi wa ngazi ya kawaida: kufungua njia ya hewa, kuzuia damu, kufunga mfupa, kumpokea mtoto aliyekataa kusubiri hospitali. Si daktari, wala si paramediki, yule mhudumu wa ngazi ya juu. Umri umetimia, miaka imetimia, na pensheni imeshaanza kuingia benki, kwa hiyo haya si ya kusimuliwa.

Mliozoea mjini labda hamjui kwamba ukitoka Charlotte au Raleigh ukaingia ndani ndani, anayekuja usiku ukipiga 911, namba ya dharura, anaweza kuwa fundi bomba, mwalimu au mfuga kuku aliyeamshwa na peja, kile kidude cha kuitia watu kazini. Kaunti nyingi siku hizi zina ambulansi za watu wa mshahara, lakini vikosi vya kujitolea bado vipo, hasa vya kukata magari yaliyobondeka, kutafuta waliopotea na kuokoa watu kwenye maji. Utaratibu huu wa raia kujiundia kikosi cha uokoaji kwa kawaida huhesabiwa kuwa ulianzia Roanoke, Virginia, mwaka 1928, kwa mfanyakazi wa reli aliyeitwa Julian Stanley Wise. Utotoni aliona watu wawili wakizama mtoni, kadamnasi imesimama ukingoni na hakuna anayejua la kufanya. Roanoke ni mwendo wa saa mbili hivi kutoka Greensboro, kwa hiyo huku kwetu mbegu ilifika mapema. Haya, turudi kwenye hela.

Masharti ni mafupi. Unajiunga kupitia kikosi chako. Unachanga dola 10 kwa mwezi. Kila mwaka wa kalenda uwe umehudhuria mafunzo na mikutano isiyopungua saa 36, na kikosi kithibitishe kwamba ulihudhuria. Ukifikisha miaka 20 ya utumishi na umri wa miaka 55, unalipwa kila mwezi mpaka Mungu atakapokuita. Ukiacha kabla ya miaka 20, unarudishiwa ulichochanga, mkaagana.

Saa 36 kwa mwaka zinasikika chache, lakini jaribu kuzitafuta ukiwa na zamu za ghalani. Kwetu zilikuwa Jumanne usiku, ndani ya karakana ya magari: viti vya kukunja, birika kubwa la kahawa iliyochemka tangu saa kumi jioni, na yule mdoli wa plastiki amelala sakafuni mdomo wazi. Unamkandamiza kifua mara thelathini, unampulizia mara mbili, unarudia, mpaka viwiko vinaanza kutetemeka, na mkufunzi amesimama juu yako na saa mkononi. Jumanne nyingine ni mashine ya kukatia vyuma. Linaletwa gari bovu kutoka kwa mnunuzi wa skrepa, mmoja wenu anaingizwa kiti cha mbele ajifanye majeruhi, anafunikwa blanketi zito, wenzake wanaanza kung'oa mlango. Ukiwa chini ya blanketi lile huoni kitu. Unasikia kioo kinapasuka karibu na sikio, chuma kinalia, gari zima linatikisika, na kuna mkono mmoja tu wa mwenzako umeingizwa dirishani unakushika bega. Tangu siku niliyofunikwa mimi, sijawahi tena kumwambia majeruhi aniachie mkono. Mwisho wa mafunzo inapitishwa karatasi ya mahudhurio, kila mtu anasaini. Karatasi ile ndiyo pensheni yenyewe. Nitarudi hapo.

Hesabu sasa. Dola 10 mara miezi 12 mara miaka 20 ni dola 2,400. Na hizo si lazima zitoke mfukoni mwako zote, maana vikosi vingine huwalipia watu wao mwaka ukiwa mzuri. Sisi mwaka mzuri uliamuliwa na nyama. Vikosi vya huku huchangisha kwa kuuza sahani za babikyuu ya nguruwe aliyechomwa usiku kucha, na mimi mtoto wa Kiislamu wa Tanga nikajikuta kwenye kamati. Walinipa meza ya kuku. Nikawa nawapaka pilipili na ndimu kimyakimya, siku moja mkuu wa kikosi akaonja, na kuanzia hapo foleni ya kuku ikawa ndefu kuliko ya nguruwe. Miaka kadhaa michango yetu ya pensheni ililipwa na foleni hizo mbili.

Kwa hiyo kwa jina langu zimewekwa dola 2,400. Nilipoanza kulipwa nilipangiwa dola 170 kwa mwezi, yaani 2,040 kwa mwaka. Mwezi wa kumi na tano tu nimeshamaliza kula changu, nimeanza kula cha jimbo. Nikijaliwa kufika miaka 75 tangu nianze na 55, jumla ni dola 40,800. Mwanangu, ambaye tangu apate programu ya hisa kwenye simu amekuwa mchumi, alinipigia hesabu kwamba dola kumi hizo zingewekwa kila mwezi mahali panapozaa asilimia 6 kwa mwaka, baada ya miaka 20 zingefika kama 4,600. Nikamwambia vizuri, basi toa 170 kila mwezi kwenye hizo 4,600 uone utafika wapi. Hafiki miaka mitatu. Akanyamaza, akarudi kwenye grafu zake.

Ukiitazama kama uwekezaji, basi, sijaona mahali pengine mtu wa kipato changu anapopewa biashara kama hii. Mbona nyota tatu na nusu?

Nyota moja nimeikata kwa sababu kiwango hakitembei na bei. Hiyo 170 ilikaa ilipo miaka na miaka. Haikufungwa na gharama za maisha. Hupanda pale tu Baraza la Kutunga Sheria linapoamua, na likiamua huongeza dola mbili, tatu. Mayai yamepanda, bima ya gari imepanda, kodi ya nyumba imepanda mpaka vijana wanarudi kwa wazazi, pensheni imetulia. Ukiibadilisha kwa madafu ni laki nne na ushee, na nikimtumia dada yangu Tanga nusu yake anakaa mkao wa kula. Huku inalipa umeme wa mwezi wa joto kali na mafuta ya gari kidogo. Serikali kuu nayo haisahau: mwanzoni mwa mwaka inakuja fomu ya kodi, 1099-R, utangaze ulichopokea. Anayekwambia ataishi kwa pensheni hii anakudanganya.

Nusu nyota nimeikata kwa ajili ya mke wangu. Pensheni hii ni ya mwanachama, inakufa naye. Nikiondoka kesho, mke harithi 170 ya kila mwezi. Anachoweza kupata aliyeandikwa kama mrithi ni kile kilichochangwa, na kama mimi nimeshapokea kinachozidi michango yangu, basi hakuna kitu. Mwanamke huyu ameamka na ile peja miaka ishirini. Futari imewekwa mezani, peja inalia, mume anatoka na tende mdomoni. Waliotunga sheria walimhesabu mtu aliyepanda gari, wakamsahau aliyebaki anafunika sahani.

Sasa ile karatasi. Hapa ndipo panapoumiza watu, na hakuna aliyenionya.

Katikati ya safari nilihama nyumba, nikahamia kikosi kingine. Baada ya muda nikaomba taarifa yangu ya utumishi, nikakuta mwaka mmoja mzima haupo. Pesa zake zilikuwa zimelipwa. Saa ndizo hazikuthibitishwa. Katibu wa kikosi cha mwanzo aliugua, aliyeshika nafasi yake hakujua kwamba kila mwanzo wa mwaka kuna orodha ya kupelekwa, na kwa kuwa mimi nilishaondoka, hapakuwa na mtu wa kuuliza jina langu. Kwenye vitabu vya jimbo, mwaka ule nilikuwa nimelala.

Mali bila daftari huisha bila habari. Mimi kilichoniokoa ni kopo la biskuti za siagi, lile la bati la bluu ambalo kwa mama zetu huwa na sindano na uzi. Mle nilikuwa natupia kila cheti cha mafunzo bila mpango wowote. Vikatoka vyeti vya mwaka ule, vina tarehe, vina saa, vina saini ya mkufunzi. Nikamtafuta mkuu wa zamani wa kikosi, mzee aliyekwisha kustaafu anafuga nyuki, akaja nami mpaka kwa notari akaapa kwamba nilikuwepo. Ndipo nilipompata yule mama wa kwenye simu. Akaniambia fomu ipi, nipeleke wapi, nibaki na nakala ya nini. Ilichukua miezi, lakini mwaka wangu ulirudi. Mwenzangu tuliyehama naye hakuwa na kopo. Yeye alitumika mwaka mwingine kufidia.

Kwa hiyo ukijiunga, piga picha karatasi ya mahudhurio kila Jumanne kabla haijaondoka mezani. Omba taarifa yako kila mwaka, usingoje mwaka wa kumi na tisa. Na ukihama kikosi, usiondoke kabla hujaona kwa macho yako barua ya kuthibitisha saa zako.

Upande wa misaada ya majanga nimetoa nyota nne, na hapa nawahusisha hata ninyi msiojitolea. Mkipeleka gari kwenye ukaguzi wa mwaka, ule wa usalama peke yake unalipia dola 13.60. Ndani ya hela hiyo sheria imetenga senti 18 kwa mfuko wa kuvipatia vikosi vifaa, na senti 12 kwa Rescue Squad Workers' Relief Fund, mfuko wa kuwasaidia waokoaji wenyewe. Senti 12 tu, lakini ni kwa kila gari linalokaguliwa. Mfuko huo unasimamiwa na chama cha vikosi, North Carolina Association of Rescue and EMS, na kazi yake ni kumshika mkono aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi hii, na familia yake. Mimi sijawahi kuugusa, namshukuru Mungu. Lakini kila nikimsikia Mswahili mwenzangu analalamika kwa fundi kwamba ukaguzi ni wizi, huwa namwambia asante kwa senti 12.

Nilichokiona kwa karibu ni fidia ya kuumia. Mwenzetu mmoja, dereva wa lori kwa kazi yake, alikuwa ameshika machela upande wa kichwani tukimshusha mgonjwa mzito kwenye ngazi za mbao zenye barafu. Aliteleza. Angeiachia machela angejishika kwenye reli, hakuiachia, bega likatoka. Mgonjwa hakupata hata mkwaruzo. Sasa fikiria: dereva wa lori, bega moja, na aliumia kwenye kazi isiyo na mshahara. Mwajiri wake akamwambia hilo halituhusu, hukuumia kwetu. Kweli. Bima ya kawaida ya wafanyakazi hulipa kwa kuangalia mshahara, na theluthi mbili ya sifuri ni sifuri.

Sheria ya North Carolina ililiona shimo hilo. Muokoaji wa kujitolea akiumia kazini, fidia yake hupigiwa hesabu kwa mshahara wa kazi inayomlisha. Kwa hiyo jamaa alilipwa theluthi mbili ya mshahara wa lori, na matibabu juu. Siku saba za mwanzo huwa hazilipwi, lakini kutokuweza kufanya kazi kukizidi siku 21, nazo zinarudishwa, na bega halikumwachia kabla ya hapo. Fedha zilitoka kwenye mfuko uitwao Volunteer Safety Workers' Compensation Fund, ambao kikosi hujiunga nao na kuulipia kila mwaka. Zingatia neno hilo, kikosi. Wewe binafsi huna la kufanya isipokuwa kusimama kwenye mkutano na kuuliza mbele ya watu: mwaka huu tumelipia? Mimi niliuliza kila mwaka mpaka mweka hazina akawa ananijibu kabla sijanyanyua mkono.

Mtu akifa kazini, jimbo lina mafao ya dola 100,000 kwa familia. Juu yake kuna mafao ya serikali kuu, PSOB (Public Safety Officers' Benefits), ambayo sasa yamepita dola 400,000 na hurekebishwa kila Oktoba kufuata bei. Yalianzishwa mwaka 1976 kwa ajili ya polisi na wazimamoto; watu wa ambulansi waliongezwa miaka kumi baadaye, lakini ni wale walio chini ya serikali. Vikosi vingi vya uokoaji si vya serikali. Ni mashirika yasiyo ya faida, ya wanakijiji wenyewe. Mwaka 2009 huko Bennington, Vermont, mhudumu wa ambulansi aliyeitwa Dale Long alikufa gari lao lilipopata ajali akiwa kazini, na kwa kuwa kikosi chake kilikuwa shirika la namna hiyo, familia haikustahili kitu. Mlango ulifunguliwa mwaka 2013, kwa sheria yenye jina lake. Usiku wa kazi, mvua na barabara ni zilezile, tofauti ilikuwa jina lililoandikwa kwenye hati ya usajili wa kikosi. Nyota ya tano nimeinyima hapo: kwa kuchelewa, na kwa kuwa mjane anayedai mafao haya anatakiwa kukusanya makaratasi mengi wakati ambao hata chai hainyweki.

Na sisi tunajua makaratasi ya msiba. Mtu wetu akifa ughaibuni, jioni hiyohiyo kundi la WhatsApp linafunguliwa, mweka hazina anaandika majina na ahadi, wiki nzima watu wanabembelezwa ili mwili urudi nyumbani. Nimechanga sana, na nikifa nitachangiwa, sina shaka. Ila nilipokuwa kwenye gari usiku wa kimbunga maji yamefunika mistari ya barabara, ilinituliza kujua kwamba kuna fungu la mke wangu lililoandikwa kwenye sheria, lisilongoja ahadi ya mtu.

Juzi duka la Waafrika Greensboro, kijana mmoja wa Uvira, Kongo, aliona koti langu la kikosi akaniuliza: "Papa, na ile kazi ya ambulansi, wanalipaka?" Nikamwambia hawalipi, ila ukizeeka wanakukumbuka kidogo. Akacheka, lakini hakuondoka, akaendelea kuuliza huku ameshika mfuko wa unga wa muhogo. Ana miaka 24, anafanya kazi kiwanda cha kuku, anataka kuwa nesi na hana ada.

Kwa mtu kama yeye faida kubwa iko mwanzoni, na ndiyo inayotangazwa kidogo kuliko zote. Vyuo vya jamii vya North Carolina huwasamehe ada wanachama wa vikosi vya kujitolea vya zimamoto na uokoaji kwenye mafunzo ya kazi hii. Kozi ya EMT, ambayo wengine huilipia, yeye anaweza kuisoma kwa kuwa ni mwanachama. Cheti hicho kinamtoa kiwanda cha kuku, kinamwingiza kwenye ambulansi ya mshahara au wodini, na njia ya unesi inaanzia hapo. Akianza sasa na akivumilia, miaka yake 20 inatimia akiwa na 44 na michango yake imekwisha. Atangoja 55 huku anafanya mambo mengine. Kwa mwenye miaka 35 hesabu inaangukia sawasawa. Ukijiunga na 50 utamaliza ukiwa na 70, na sikushauri kubeba machela na magoti ya miaka 70 kwa ajili ya dola 170.

Wala usijiunge ukiwa na umri wowote kama hela ndiyo hoja. Kuna usiku utamkandamiza kifua mtu unayemjua, na hataamka, na kesho yake foklifti inakungoja. Hakuna mfuko unaolipia hilo, na kwa mafao ya ushauri wa akili vikosi vinatofautiana sana. Chetu kilikuwa na mchungaji mmoja na sufuria ya supu. Uliza kabla ya kujiandikisha.

Kwa wanaotaka kuanza: vikosi vingi hupatikana usiku wa mafunzo kuliko mchana. Nenda ukiwa na kitambulisho, mtafute katibu, si mkuu. Muulize mambo matatu: saa zinaandikwa wapi na nani hupeleka orodha, mfuko wa fidia umelipiwa mwaka huu, na kikosi kimesajiliwa vipi. Akijibu yote bila kwenda kuangalia kabati, jaza fomu. Sehemu ya mrithi usiiache wazi, na ukioa au ukiachana irudie.